Takwimu kwa Mkulima: Jinsi ya Kupata Kozi Nzuri ya Video Mtandaoni Bila Kumaliza Bando



Leo hatuongelei mbolea wala kiwavi jeshi. Tunaongelea hesabu. Najua kuna mtu ameshataka kukimbia hapa, lakini subiri kidogo, maana hesabu hii inagusa mfuko wako moja kwa moja.

Kila msimu unapokaribia, maswali ninayoulizwa na vijana yanafanana. "Afisa, hii mbegu mpya kweli inaizidi ile niliyoizoea?" "Hii busta inaongeza mavuno au ni maneno tu?" "Nipande sasa au nisubiri mvua ikolee?" Mara nyingi muulizaji anakuja na ushahidi wake kabisa. Jirani alipanda mwaka jana akavuna vizuri. Wakala ameonyesha picha kwenye simu. Kuna shamba la mfano kando ya barabara, upande huu mahindi yamestawi, upande ule yamedumaa. Kwa ushahidi huo kijana anachukua mkopo na kupanda ekari 10.

Si lazima jirani awe mwongo, wala wakala. Shida ni kwamba ushahidi wenyewe ni mdogo kuliko unavyoonekana kwa macho. Lipo somo ambalo kazi yake ni kukuambia ushahidi ulionao una uzito gani: linaitwa takwimu na uwezekano. Siku hizi linafundishwa mtandaoni kwa video, tena bure. Ugumu uko kwenye kuchagua, maana kozi ni nyingi na nyingine zitakukatisha tamaa dakika ya tano. Makala hii ni ya kukusaidia kuchagua.

Shamba moja la mfano linathibitisha nini?

Chukua mbegu mbili zenye uwezo sawa kabisa. Panda moja kushoto, nyingine kulia. Ukivuna na kupima kwa mizani, je, zitalingana? Hapana. Upande mmoja utazidi tu. Huenda ulikuwa na kichuguu cha zamani, au ulikuwa karibu na zizi, au maji yalituama kidogo. Kwa hiyo hata kama mbegu mpya haina lolote la ziada, bado ina nafasi moja kati ya mbili ya kuonekana mshindi. Ni sawa na kurusha shilingi mara moja na kushangilia imeangukia upande wa kichwa.

Halafu kuna jambo la pili. Shamba lililofanya vibaya halipigwi picha wala haliwekewi bango barabarani. Unayoonyeshwa ni yale yaliyopendeza. Ukiona mashamba matatu mazuri, jiulize: haya ni matatu kati ya mangapi?

Maswali haya mawili, "ingeweza kutokea kwa bahati tu?" na "hayo mengine yako wapi?", ndiyo moyo wa takwimu. Mambo mengine yote unayofundishwa kwenye kozi ni vifaa vya kuyajibu.

Somo hili lilikulia shambani

Vijana wengi wanadhani takwimu ni mali ya maofisi na wachumi. Si kweli. Sehemu kubwa ya takwimu inayofundishwa leo duniani ilitokana na kilimo.

Mwaka 1899 kijana mmoja aitwaye William Sealy Gosset aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, Ireland. Kiwanda kilihitaji kujua shayiri ipi ni bora, lakini majaribio yalikuwa machache na namba zilikuwa ndogo. Unalinganishaje aina mbili za shayiri ukiwa na vipimo vichache tu? Gosset alitafuta jibu, na mwaka 1908 akachapisha njia yake kwa jina la kujificha, "Student", yaani mwanafunzi. Mpaka leo ukifungua kozi yoyote ya takwimu utakutana na kipimo chenye jina hilo.

Baadaye, mwaka 1919, Ronald Fisher alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Kituo kile kilikuwa na rekodi za mavuno ya ngano tangu mwaka 1843. Akiwa pale alijenga utaratibu wa majaribio ya shambani: rudia jaribio mara kadhaa, gawa kwa bahati nasibu, na linganisha vipande vilivyo kwenye udongo unaofanana. Kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu kupanga majaribio kimekuwa msingi wa tafiti za dawa za hospitali na za viwandani pia.

Kwa hiyo ukiwa na jembe na daftari, somo hili ni lako tangu zamani.

Anza na swali lako, kozi itafuata

Ukiandika tu neno "statistics" YouTube, utapata maelfu ya video. Nyingine ni za chuo kikuu, nyingine za uchumi, nyingine za kompyuta. Ukiandika "probability" utaletewa hata watu wa kubeti. Usipojua unachotafuta utazunguka wiki nzima na bando litaisha.

Mkulima wa biashara anahitaji mada tano tu kwa kuanzia. Nitazieleza kwa mifano yetu, kisha nitakuambia neno la Kiingereza la kutafutia, kwa sababu kozi nyingi nzuri ziko kwa Kiingereza. Namba za mifano hii nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, usizichukue kama matokeo ya utafiti.

*1. Wastani na mtawanyiko.* Tuseme mbegu ya kwanza imepandwa na wakulima 6 na wamepata gunia 20, 21, 19, 20, 22 na 18 kwa ekari. Jumla ni 120, wastani ni 20. Mbegu ya pili wakulima 6 wamepata gunia 32, 10, 28, 14, 30 na 12. Jumla ni 126, wastani ni 21. Muuzaji atakuambia mbegu ya pili ni bora, na kwa wastani hajasema uongo. Sasa weka mkopo hapo. Kama unahitaji angalau gunia 15 kwa ekari ili ulipe deni, kwa mbegu ya kwanza wote 6 wanalipa. Kwa mbegu ya pili, watatu kati ya sita wanakwama. Wastani peke yake umekuficha jambo ambalo lingekufilisi. Tafuta video zenye maneno "mean", "median" na "standard deviation".

*2. Sampuli.* Huwezi kukagua kila mche wa ekari 5 kutafuta kiwavi jeshi. Unakagua michache, kisha unaamua kuhusu shamba zima. Ukikagua ya pembeni kwa barabara tu, umejidanganya, kwa sababu pembeni si sawa na katikati. Ukipita shambani kwa mtindo wa herufi W, ukasimama sehemu 5 na kukagua miche 20 kila sehemu, una miche 100 inayolisemea shamba lote vizuri zaidi. Kama 18 imeshambuliwa, hiyo ni asilimia 18, na unaweza kuamua kuhusu dawa ukiwa na namba mkononi. Tafuta "sampling" na "bias".

*3. Uwezekano.* Umenunua mbegu ambayo uotaji wake ni asilimia 85. Ukipanda punje moja kila shimo kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja ina mashimo kama 18,000. Asilimia 15 hazitaota, kwa hiyo tegemea mashimo kama 2,700 matupu. Ukiweka punje mbili, shimo litabaki tupu pale tu punje zote mbili zikigoma: 0.15 mara 0.15 ni 0.0225. Hayo ni mashimo kama 405 tu. Sasa unaweza kupiga hesabu: gharama ya mbegu maradufu na kazi ya kung'olea miche inayozidi, dhidi ya mapengo 2,295 uliyoyaokoa.

Lakini angalia kitu kimoja ambacho kozi nzuri itakufundisha na kozi mbovu itakiruka. Ile hesabu ya kuzidisha ni sahihi kama punje moja kugoma hakuhusiani na nyenzake kugoma. Kama ardhi ilikuwa kavu au panya wamepita, punje zote mbili zinaondoka pamoja, na hesabu yako haisimami. Tafuta "independent events".

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mkeka wa mechi nyingi huchanika. Hata kama kila mechi una nafasi ya asilimia 70 ya kupatia, mkeka wa mechi 10 una nafasi kama 3 tu kati ya 100. Kijana aliyeielewa mada hii vizuri hupeleka hela yake kwenye mbolea.

Na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nao usome kwa jicho hili. Wakisema eneo lako linatarajiwa kupata mvua za wastani hadi juu ya wastani, wanakuambia upande ambao mizani imelalia. Hawajakuahidi. Mwaka wa ukame unaweza kutokea ndani ya utabiri wa namna hiyo, na si lazima maana yake wamekosea. Ndiyo maana hutakiwi kuweka mtaji wote kwenye tarehe moja ya kupanda.

*4. Jaribio la haki.* Hapa ndipo Fisher anaingia. Ukitaka kulinganisha mbegu mbili, usiipeleke mpya bondeni kwenye rutuba na ya zamani mlimani. Tenga vipande 12 vya mita 10 kwa 10, viwe jozi 6, kila jozi ikae pamoja kwenye udongo unaofanana. Kwa kila jozi rusha shilingi kuamua kipande kipi kinapata mbegu mpya. Usichague kwa mkono, maana mkono una upendeleo hata kama wewe hutaki. Tarehe ya kupanda, mbolea, nafasi na palizi viwe sawa. Eneo lote hilo ni mita za mraba 1,200, yaani chini ya theluthi moja ya ekari. Tafuta "experimental design" na "randomization".

*5. Tofauti hii ni ya kweli au bahati?* Umevuna, umepima kwa mizani, na mahindi yote yamekauka sawasawa. Mbegu mpya imeshinda kwenye jozi zote 6. Kama mbegu hizi zingekuwa sawa, ushindi wa namna hiyo ungekuwa kama kurusha shilingi mara 6 na kupata kichwa mara zote: nafasi 1 kati ya 64, chini ya asilimia 2. Ni vigumu kusema ni bahati tu. Je, ikishinda 5 kati ya 6? Nafasi ya kupata ushindi 5 au zaidi kwa bahati tu ni 7 kati ya 64, kama asilimia 11. Hapo tumaini lipo ila usikimbilie benki. Ikishinda 4? Nafasi ni 22 kati ya 64, zaidi ya theluthi moja. Hujajifunza kitu bado, rudia msimu ujao. Tafuta "hypothesis test" na "p-value".

Umeona tofauti? Yule wa shamba la mfano barabarani ana jozi moja, nafasi 1 kati ya 2. Wewe una jozi sita, na umetumia kipande cha ekari badala ya ekari 10.

Kozi ninazopendekeza kwa anayeanza

Hizi zote ziko mtandaoni na unaweza kuzitazama bila kulipa.

*Khan Academy.* Hili ni shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa na Salman Khan, na lina kozi iitwayo "Statistics and probability". Ndiyo ninayoiweka ya kwanza. Inaanza chini kabisa, video ni fupi, na baada ya video kuna maswali ya kujibu yanayosahihishwa papo hapo. Ukikosea unaonyeshwa hatua kwa hatua. Programu yake ya simu inakuruhusu kupakua video na kuzitazama baadaye bila intaneti. Huna haja ya kumaliza kozi yote, nenda kwenye zile mada tano.

*CrashCourse Statistics.* Mfululizo huu uko YouTube, ulitoka mwaka 2018 na mtangazaji wake ni Adriene Hill. Vipindi ni zaidi ya 40, vingi vya dakika kumi na kidogo. Ni mzuri kwa kupata picha kubwa na unachekesha. Kasoro yake ni kasi, wanaongea haraka sana. Punguza kasi ya video mpaka 0.75 na uwashe maandishi ya chini. Mazoezi hauna, kwa hiyo utumie pamoja na Khan Academy.

*StatQuest.* Hii ni chaneli ya Josh Starmer YouTube. Anachukua wazo moja, analivunja vipandevipande kwa picha, na anarudia mambo muhimu. Ukikwama kwenye "p-value" au "standard deviation" kwingine, njoo hapa. Ila angalia, chaneli ina mambo mengi ya kompyuta ya hali ya juu. Baki kwenye orodha yake ya misingi ya takwimu.

*Against All Odds: Inside Statistics.* Kozi hii ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani mwaka 1989, na baadaye ikafanywa upya kwa vipindi vifupi vinavyoongozwa na mwanasayansi Pardis Sabeti. Ubora wake ni kwamba kila kipindi kinakwenda kwa watu wanaotumia takwimu kazini kwao. Inafaa kwa mtu ambaye namba tupu zinamchosha.

*OpenIntro Statistics.* Hiki ni kitabu cha bure cha kupakua, na kina video zinazokwenda sambamba na sura zake. Kinafaa kwa aliyemaliza misingi na anataka kitu cha kusoma taratibu jioni. Kitabu ukishakipakua mara moja hakikuli bando tena.

Kozi za kuziacha kwanza

Ukitafuta utaletewa pia Stat 110 ya Chuo Kikuu cha Harvard, mihadhara 34 ya Joe Blitzstein, na kozi ya uwezekano ya John Tsitsiklis wa MIT. Watu huzisifia sana, na sifa ni za haki. Lakini ni za wanafunzi wa chuo kikuu wanaojua kalkulasi. Kijana anayeanza akiingia huko siku ya kwanza atajiona hana akili, ilhali ameingia tu darasa lisilo lake. Ziache. Ukija kuzihitaji utajua mwenyewe.

Kuwa makini pia na kozi za kulipia zinazokuahidi cheti ndani ya siku chache. Benki haitakupa mkopo kwa sababu una cheti cha takwimu cha mtandaoni. Itakusikiliza zaidi ukiwa na daftari lenye rekodi za misimu mitatu. Majukwaa makubwa kama Coursera na edX yana kozi nzuri, ila masharti ya kutazama bure hubadilika na hutofautiana kati ya kozi na kozi. Soma vizuri kabla hujaweka namba ya kadi.

Pima kozi kwa dakika 15

Kabla hujaizamia kozi yoyote, hata niliyoitaja mimi, ipime kwa maswali haya:

- Je, video ya kwanza naielewa kwa kutumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia tu? Kama kuna alama usizozijua dakika ya tatu, toka.
- Je, video zimepangwa kwa mfululizo, ya kwanza mpaka ya mwisho? Video moja moja za kuokoteza hukuacha na mapengo.
- Je, kuna mazoezi yenye majibu? Kutazama bila kufanya ni kama kuhudhuria shamba darasa kisha usishike jembe.
- Je, mwalimu anatumia mfano unaoweza kuugeuza uwe wa shambani kwako? Akisema alama za mtihani za wanafunzi 30, wewe soma uzito wa nyanya za kreti 30. Hesabu ni ileile.
- Je, anaeleza ni lini njia yake haifai? Mwalimu anayekuambia mipaka ndiye wa kumwamini.

Ikifaulu nne kati ya tano, baki nayo mpaka mwisho. Ugonjwa mkubwa wa vijana mtandaoni ni kuanza kozi saba na kutomaliza hata moja.

Bando na lugha

Kwa upande wa bando, shusha ubora wa video mpaka 240 au hata 144. Somo la hesabu ni sauti na ubao, huhitaji picha ang'avu. Tumia bando la usiku kama mtandao wako unalo. Pakua palipo na Wi-Fi, kwa mfano unapokwenda mjini, tazama ukiwa shambani. Kama mko kikundi, mmoja apakue kwenye programu inayoruhusu, mkutane mtazame pamoja kwenye simu au kompyuta moja. Kuna pia mfumo wa bure uitwao Kolibri, wa shirika la Learning Equality, uliotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Unapakiwa mara moja kwenye kompyuta pamoja na masomo, yakiwemo ya Khan Academy, na wengine wanasoma bila kuingia mtandaoni. Kikundi au shule ya jirani yenye kompyuta inaweza kuutumia.

Na ufanye zoezi lako la kwanza hapohapo. Tazama video 5, andika kila moja imekula MB ngapi, tafuta wastani na uone tofauti kati ya ndogo na kubwa. Ukizidisha wastani huo kwa idadi ya video zilizobaki, umejua kozi nzima itakugharimu kiasi gani. Umeshaanza takwimu.

Kwa upande wa lugha, Kiingereza kisikutishe. Maneno ya msingi ya somo hili hayazidi 20. Yaandike nyuma ya daftari, kila moja na maana yake kwa Kiswahili na mfano wa shambani. Ukumbuke pia kwamba kama ulimaliza Kidato cha 4, mada hizi si ngeni kabisa kwako: kwa mtaala uliotumika miaka mingi, takwimu ilikuwa Kidato cha 3 na uwezekano Kidato cha 4. Hata kama hesabu ulipata F, safari hii namba ni za hela yako mwenyewe, na utashangaa zinavyoingia kichwani.

Ratiba ya wiki 6

Saa tatu kwa wiki zinatosha, jioni tatu za saa moja moja. Kila wiki ina video na kazi ya shambani.

- Wiki ya 1: wastani na namba ya katikati. Kazi: andika bei ya zao lako sokoni kwa siku 7, utafute vyote viwili.
- Wiki ya 2: mtawanyiko. Kazi: waulize wakulima 6 waliopanda mbegu moja walivuna gunia ngapi kwa ekari. Waliofeli nao waulizwe.
- Wiki ya 3: sampuli. Kazi: kagua miche 100 kwa mtindo wa W.
- Wiki ya 4: uwezekano. Kazi: weka punje 100 za mbegu yako kwenye kitambaa kibichi, hesabu zinazoota, kisha upige hesabu ya mashimo matupu.
- Wiki ya 5: jaribio la haki. Kazi: chora ramani ya jozi 6 shambani kwako na urushe shilingi.
- Wiki ya 6: tofauti ya kweli au bahati. Kazi: chukua tangazo moja la pembejeo ulilotumiwa WhatsApp, uandike maswali matatu ya kumuuliza muuzaji.

Mipaka ya somo lenyewe

Nisikuache ukidhani takwimu ni mganga. Jozi 6 za msimu mmoja zinakuambia kuhusu shamba lako na mvua ya mwaka huo. Mwaka wa mvua nyingi unaweza kuipa ushindi mbegu ambayo kwenye ukame itakuangusha. Ndiyo sababu mbegu mpya hupimwa chini ya TOSCI kwenye maeneo tofauti kabla ya kuruhusiwa. Na hata ikiruhusiwa, hakuna aliyeipima kwenye udongo wako. Kazi hiyo imebaki kwako.

Pia namba hazitakuambia soko litakuwaje. Unaweza kuvuna gunia nyingi na bei ikaporomoka. Zitakachokupa ni kipimo cha hatari unayoibeba kabla hujaweka sahihi kwenye karatasi za mkopo.

Kwa hiyo msimu huu, wakala akija na picha zake, usimfukuze wala usimkumbatie. Mpe kiti, kisha muulize: ulilinganisha mara ngapi? Nani aliamua mbegu ipi ikae wapi? Na yale mashamba ambayo haikushinda, yako mangapi? Akiwa na majibu mazuri, mnunulie pakiti ya kutosha jozi 6. Ekari 10 zitasubiri mizani iseme.

Kazi njema, na tukutane makala ijayo.